Padri Kolbe: aliyeomba afe yeye ili mwenzake abaki

Leo siongelei siasa wala mpira, naomba mnivumilie kidogo. Nataka tumkumbuke mtu mmoja ambaye wengi mmeshasikia jina lake, hasa nyie wenzangu mliokulia Ukatolikini, ila ukiuliza alifanya nini hasa, watu wanabaki kutazamana. Ni Padri Maximilian Kolbe wa Poland, aliyefariki mwaka 1941. Kwa nini nimemkumbuka yeye, nitasema mwishoni, na si jambo la kujisifia.

Huyu bwana alizaliwa tarehe 8 Januari 1894 katika mji wa Zduńska Wola, wakati sehemu ile ya Poland ilikuwa chini ya Urusi. Nyumbani walimpa jina la Rajmund, hilo la Maximilian ni la utawa. Baba yake alikuwa mfumaji wa vitambaa, kwa hiyo hakutoka familia ya mapesa. Akajiunga na Wafransisko angali kijana mdogo, wakampeleka kusoma Roma, na akarudi Poland mwaka 1919 akiwa na shahada mbili za udaktari, moja ya falsafa na nyingine ya teolojia. Ila alirudi na kifua kikuu pia, na mapafu yake yalimsumbua maisha yake yote.

Mgonjwa hivyo hivyo, mwaka 1922 akaanzisha gazeti la dini. Mwaka 1927 akaanzisha nyumba ya watawa karibu na Warszawa iitwayo Niepokalanów, yenye mitambo yake ya kuchapa. Kabla ya vita kuu ya pili nyumba hiyo ilikuwa na watawa zaidi ya 700. Katikati hapo, mwaka 1930, akaenda Japani na kufungua nyumba nyingine Nagasaki, akarudi kwao mwaka 1936.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Magazeti ya nyumba yake yaliwahi kuandika mambo mabaya juu ya Wayahudi, na mpaka leo wapo wanaomlaumu kwa hilo, na wana haki. Nalisema hapa kwa sababu maisha ya watakatifu tukiyapaka rangi sana tunaishia kuona hayatuhusu sisi.

Septemba 1939 Wajerumani wakaivamia Poland. Kolbe akakamatwa na wenzake, wakaachiwa Desemba. Aliporudi alikuta wakimbizi wanahitaji pa kulala, na ile nyumba ikapokea maelfu yao, wakiwemo Wayahudi wengi. Tarehe 17 Februari 1941 wakamkamata tena, na mwezi Mei wakampeleka kambi ya mateso ya Auschwitz. Huko hakuwa padri wala daktari wa falsafa tena, alikuwa mfungwa namba 16670. Waliokuwa naye walikuja kusimulia kwamba hata kale kachakula kadogo alikuwa anagawa, na usiku alisikiliza maungamo ya wenzake kwa siri.

Mwishoni mwa Julai 1941 mfungwa mmoja akakosekana kambini. Sheria ya pale ilikuwa ya kikatili: mmoja akitoroka, kumi wanakufa kwa njaa. Wakasimamishwa mstari, na naibu mkuu wa kambi, Karl Fritzsch, akapita anachagua tu kama mtu anayechagua mihogo sokoni. Mmoja wa waliochaguliwa alikuwa sajenti wa jeshi la Poland, Mkatoliki, jina lake Franciszek Gajowniczek. Akalia akimtaja mkewe na wanawe.

Hapo ndipo Kolbe alipotoka mstarini. Kutoka mstarini peke yake kungetosha kupigwa risasi. Akaeleza kwamba yeye ni padri wa Kikatoliki, hana mke wala watoto, akaomba aende mahali pa yule sajenti. Cha ajabu, wakakubali. Jamani, hawakuwa ndugu wa damu hawa, wala haijulikani kwamba walikuwa marafiki.

Wale kumi wakafungiwa kwenye chumba cha chini cha jengo namba 11, bila chakula wala maji. Mfungwa aliyekuwa mkalimani kwenye jengo hilo alikuja kueleza kwamba zilisikika sala na nyimbo kutoka mle ndani, Kolbe akiwaongoza. Baada ya wiki mbili walibaki wanne hai, yeye akiwa mmojawapo. Tarehe 14 Agosti wakadungwa sindano ya asidi ya kaboliki, wakafa. Alikuwa na miaka 47.

Gajowniczek alitoka hai vitani, akamkuta mkewe. Ila wanawe wawili walikuwa wameshauawa kwa mabomu mwaka 1945. Nilipofika hapo nilinyamaza kidogo. Wale watoto waliofanya mtu afe badala ya baba yao, baba hakuwakuta! Je, sadaka ile ilipotea bure? Mimi naona hapana. Kolbe hakupewa hakikisho la matokeo, aliona tu ndugu yake analia, akatoa alichonacho. Gajowniczek aliishi mpaka 1995, akafa na miaka 93, na miaka hiyo mingi aliitumia kumsimulia aliyemwokoa. Tarehe 10 Oktoba 1982, Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Kolbe mtakatifu, mzee huyo alikuwepo Roma.

Haya, kwa nini nimemkumbuka. Miezi michache iliyopita mwenzetu wa kwaya alilazwa, tukapitisha bakuli la mchango. Mfukoni nilikuwa na elfu kumi, nimeitunza kwa ajili ya kiatu. Nikatoa buku, nikaimba vizuri sana wimbo wa kumwombea, nikaenda zangu nyumbani. Kiatu ninacho, na kila nikikivaa nakumbuka.

Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 3, unasema tunapaswa kuutoa hata uhai kwa ajili ya ndugu. Halafu mstari unaofuata tu unamgeukia mwenye mali anayemwona ndugu yake ana shida akamfungia moyo. Nadhani mwandishi alitujua. Wengi wetu hatutaitwa mstarini kama Kolbe, tutapitishiwa bakuli tu. Na yeye hakuanzia kwenye ule mstari, alianzia kwenye kale kachakula kadogo alikokuwa anagawa.

Mwenzetu alishapona, na deni langu nimeanza kulilipa kimyakimya. Nawasilisha, wadau. Na wewe bakuli lilipopita, ulifanyaje?