Percy Spencer, Baba wa Bisi za Dakika Tatu

Likizo iliyopita shangazi anayenilea alitia bisi kwenye maikrowevu ya mwajiri wake. Tap tap tap, dakika tatu bakuli limejaa! Nikamwuliza nani aliyeunda hii kitu. Hakujua, basi nikatafuta mwenyewe.

Percy Spencer alizaliwa mwaka wa 1894 huko Howland, jimbo la Maine, Marekani. Babake akafa yeye angali mchanga, mamake akaenda zake, akalelewa na shangazi na mumewe. Mume naye akafa Percy akiwa na miaka 7. Hata shule ya msingi hakumaliza, akaingia kiwandani. Mwaka wa 1912 alijiunga na jeshi la majini, akajifunza redio, na zamu za usiku akawa anajisomea vitabu vya hesabu na fizikia.

Mwaka wa 1945, akiwa mhandisi wa kampuni ya Raytheon, alisimama karibu na magnetroni, yaani kifaa kinachotoa mawimbi ya rada. Chokoleti ikamyeyukia mfukoni! Mwingine angelilia suruali yake. Yeye aliagiza punje za mahindi ya bisi, akaziweka hapo, zikarukaruka kote. Kumbe mawimbi hayo huchemsha maji yaliyo ndani ya punje. Mvuke ukizidi, ganda hupasuka.

Maikrowevu ya kwanza kuuzwa, 1947, ilikuwa na uzani wa kilo 340 hivi. Ungeibebaje? Baadaye Chuo Kikuu cha Massachusetts kilimtunukia shahada ya heshima. Alifariki mwaka wa 1970.

Nilipomsimulia shangazi haya, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza karo iliyobaki ni pesa ngapi.