ADRIANO ATIMAN: TABIBU ALIYEBAKI

Timu ya matabibu wa kujitolea inapofika katika vijiji vya Musoma, Bunda au Butiama, wagonjwa hupimwa na kupewa dawa, na baada ya siku chache gari huondoka. Hiyo ni neema kubwa. Lakini mama ambaye mtoto wake ataugua wiki inayofuata, atamwendea nani? Maisha ya Adriano Atiman, tabibu na katekista wa Karema, yanajibu swali hilo. Hakuwa Mlutheri, wala hakufanya kazi Mara. Hata hivyo, habari za huduma ya uponyaji nchini hazikamiliki pasipo jina lake.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo sasa ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Wamisionari wa Afrika, wajulikanao kama Mapadre Weupe, walimkomboa kwa fedha, wakamlea na kumsomesha. Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, aliamini kwamba Afrika itainuliwa na Waafrika wenyewe, na kwamba tabibu hupokewa hata pale mhubiri anapokataliwa. Mwaka 1881 alifungua chuo kisiwani Malta ili vijana waliokombolewa utumwani wasomee utabibu. Atiman alikuwa mmoja wao, akamaliza masomo yake mwaka 1888.

Mwaka 1889 aliwasili Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Safari kutoka pwani ilikuwa ya miguu pamoja na msafara, kwa maana reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji, nao Mapadre Weupe walikabidhiwa mwaka 1885. Misafara ya watumwa ilikuwa bado ikipita katika nchi hiyo. Hivyo mtu aliyewahi kuuzwa akawekwa kuwatibu watu waliokuwa wakiishi katika hofu ya kuuzwa.

Hakukaa akingoja wagonjwa wamfikie. Alitembea kwa miguu kwenda vijijini, akitibu na kufundisha katekisimu, na kazi hizo mbili hakuzitenganisha. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende. Mwana wao Yosefu akawa padre. Wamisionari walikuja, wengine wakafa kwa homa, wengine wakarudi kwao. Utawala wa Wajerumani ulisimama ukaanguka, vita kuu ya kwanza ikapita, Waingereza wakashika nchi. Tabibu wa Karema alikuwa palepale. Alifariki mwaka 1956, miaka 5 kabla ya Uhuru, baada ya utumishi wa miaka 67.

Atiman hakuwa mwenyeji wa Karema kwa kuzaliwa. Akawa mwenyeji kwa kukaa. Waliomlipia fidia walitoa fedha mara moja, lakini tunda lake lililiwa na vizazi vitatu, kwa sababu hawakuishia kumpa mkate bali walimpa elimu. Msamaria wa Injili ya Luka alifanya vivyo hivyo: hakufunga majeraha tu, bali aliacha fedha na ahadi kwa mwenye nyumba ya wageni, ili mgonjwa atunzwe hata yeye akiisha kuondoka.

Mkoa wa Mara nao una ushuhuda wake. Wamennonite waliweka kituo chao Shirati mwaka 1934, na hospitali iliyokua hapo ilidumu kuliko waanzilishi wake kwa kuwa wenyeji waliishika kazi. Kwa usharika unaotimiza miaka 100, mgeni mwenye sanduku la dawa apokewe kwa shukrani. Na binti au kijana wa kijiji apelekwe chuo cha uuguzi kwa sadaka ya usharika, ili gari litakapoondoka, awepo anayebaki.