John Scott Haldane, Bingwa wa Pumzi Aliyeionja Sumu

Wasomaji wetu wengi wamepata kuona picha za askari wa Vita Kuu ya Kwanza wakiwa wamejifunika nyuso kwa vinyago vyenye macho makubwa ya kioo na mrija mfano wa mkonga, hata mtu asiweze kutambua kama aliye mbele yake ni binadamu au dubwana. Vinyago hivyo havikubuniwa na majemadari wenye nyota mabegani. Vya kwanza kabisa vilitokana na majaribio ya watu wachache waliokubali kuvuta sumu kwa mapafu yao wenyewe. Mmoja wa watu hao alikuwa Mskoti mwenye masharubu mazito, daktari ambaye hakujipatia riziki yake kwa kutibu wagonjwa, bali maisha yake yote aliyatumia kuchunguza jambo moja: hewa aivutayo mwanadamu. Ndiye John Scott Haldane, ambaye leo twataka kusimulia habari zake.

Haldane alizaliwa mjini Edinburgh mwezi Mei, 1860, katika ukoo wa watu wenye mashamba na elimu. Alisoma katika mji huohuo, akaenda kwa muda Jena, Ujerumani, kisha akahitimu udaktari mwaka 1884. Kazi iliyomfungua macho aliifanya Dundee, mji wa viwanda uliojaa makabwela. Yeye na wenzake walikuwa wakibisha hodi usiku wa manane katika vyumba vya maskini, bila ya kutoa taarifa, ili wachukue katika chupa hewa ya chumba wanamolala watu wengi pamoja. Kama wangalitoa taarifa madirisha yangalifunguliwa, na ukweli ungalitoroka kwa dirishani. Matokeo yalitangazwa mwaka 1887. Baadaye alihamia Oxford, ambako mjomba wake alikuwa profesa, na huko ndiko alikoweka makazi.

Mwezi Januari, 1896, mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, huko Wales, ulilipuka na kuua watu 57. Haldane alikwenda, akaingia chini, akazichunguza maiti moja moja. Watu wote walidhani kuwa wachimbaji huuawa na moto na kishindo. Yeye aliona maiti nyingi zisizo na jeraha kubwa, na damu yao ikiwa nyekundu ya kung'aa kupita kawaida. Alitambua mara moja muuaji ni nani. Ni ile hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo kwetu huua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Wataalamu huiita kaboni monoksidi. Hewa hiyo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu, ikaikalia nafasi ya oksijeni, na mtu akafa huku akivuta pumzi kama kawaida.

Alijuaje hayo? Alikwisha kujipima. Mwaka mmoja kabla ya ajali hiyo alikuwa ameketi katika maabara yake akiivuta hewa hiyo kwa kipimo, akiandika hali yake dakika kwa dakika, na kutoa damu kidogo aone imenyonya sumu kiasi gani, mpaka miguu ikakataa kumbeba. Alionyesha pia kuwa mnyama mdogo, kwa kuwa pumzi zake ni za haraka, hulegea mapema zaidi kuliko mtu. Kutokana na hayo aliwashauri wachimbaji washuke na panya au ndege mdogo katika tundu. Ndege akianguka, watu wakimbie. Kanari, ndege wale wadogo wa njano, walifanya kazi hiyo katika migodi ya Uingereza mpaka mwaka 1986, walipoanza kuondolewa na kuwekwa mitambo badala yao. Hatujui wachimbaji wangapi waliwahi kurudi kwa wake zao kwa ajili ya ndege hao, lakini tunadhani si wachache.

Mtoto wake wa kiume, Jack, ambaye naye alikuja kuwa mwanasayansi mashuhuri, alilelewa katika majaribio kama watoto wengine walelewavyo katika michezo. Siku moja baba alimshusha mgodini, akamwamuru asimame wima na kukariri hotuba ya Antoni katika mchezo wa Shakespeare, uleule ambao sisi wa Afrika ya Mashariki twaujua kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Kijana alianza vizuri, kisha pumzi zikamwishia, akaanguka chini. Alipofika chini akapata nafuu. Hewa mbaya ya mgodini, iitwayo metheni, ni nyepesi, hukaa juu darini. Aliye chini hupona. Wako watakaosema kuwa baba huyo alikuwa mkatili. Sisi twasema tu kwamba kijana hakulisahau somo hilo.

Hatutakaa sana katika kazi zake nyingine za miaka hiyo, ingawa mtu mwingine angeweza kujivunia mojawapo tu maisha yake yote. Mwaka 1905, pamoja na mwenzake Priestley, alionyesha kwamba kinachotusukuma kuvuta pumzi, katika hali ya kawaida, ni kuongezeka kwa kaboni dioksidi katika damu, wala si kupungua kwa oksijeni. Mwaka 1908, baada ya kuwajaribu mbuzi wengi katika chumba cha chuma, yeye na wenzake walitoa majedwali ya kuwaongoza wazamiaji wapande juu kwa vituo, wasije wakapooza au kufa. Mwaka 1911 alipanda na wenzake mlima Pikes Peak wa Marekani, wenye urefu wa mita 4,300 hivi, wakakaa kileleni wiki kadhaa kuchunguza hewa haba.

Ndipo ikaja jioni ya tarehe 22 Aprili, 1915. Karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, Wajerumani walifungua mitungi ipatayo 5,700 na kuachilia zaidi ya tani 150 za klorini zichukuliwe na upepo. Wingu la rangi ya kijani na manjano lilitambaa chini likaingia katika mahandaki, kwa kuwa klorini ni nzito kuliko hewa. Waliokutana nalo kwanza walikuwa askari wa jeshi la Ufaransa, na miongoni mwao Waafrika wa kutoka Algeria, watu waliotolewa makwao kwenda kupigana katika vita visivyokuwa vyao. Walikufa wakitapatapa mfano wa samaki waliotupwa ufukweni. Siku mbili baadaye ilikuwa zamu ya Wakanada.

Waziri wa Vita wa Uingereza, Lord Kitchener, alimtuma Haldane Ufaransa upesi. Akiwa pamoja na mtaalamu wa kemia, Profesa Baker, aliwatazama wagonjwa waliokuwa wakizama katika maji yaliyojaa ndani ya mapafu yao wenyewe, akashuhudia kupasuliwa kwa maiti, akaangalia na vifungo vya shaba vya sare zao vilivyogeuka rangi. Hakuhitaji siku nyingi kutoa jibu: ni klorini.

Wakati huohuo huko Uingereza lilitokea jambo ambalo twaliona la kusikitisha kuliko la kuchekesha. Gazeti moja kubwa liliwaomba akina mama washone vitambaa vya pamba vya kuzibia pua na mdomo, na akina mama, kwa mapenzi ya watoto wao, wakashona kwa wingi wa ajabu. Haldane alizipinga pamba hizo kwa nguvu zake zote. Zikiwa kavu hazizuii klorini hata kidogo. Zikiwa zimelowa hazipitishi hewa, na mtu hushindwa kuvuta pumzi. Lakini nyingi zilikwisha kufika mahandakini, na wako askari waliokufa wakiziamini. Huruma ilikwenda mbio, elimu ikafuata nyuma ikitweta.

Nyumba ya Haldane mjini Oxford, iliyoitwa Cherwell, ilikuwa na maabara ndani yake. Alianza kujifungia na klorini katika chumba kidogo, akijaribu kitambaa hiki na kile, dawa hii na ile, huku jamaa wakisubiri nje wasijue kama atatoka kwa miguu yake. Binti yake, Naomi, alikuwa msichana wa miaka 17 tu. Mavazi na vitambaa vya nyumbani vilichanwa kutafuta kile kifaacho. Huko Ufaransa nako majaribio yalifanywa katika chumba chenye kioo upande mmoja. Mwanawe Jack, aliyekuwa ofisa katika kikosi cha Black Watch, aliitwa kutoka mstari wa mbele aje kusaidia. Waliingia kwa zamu, wakavuta sumu bila ya kinga na kisha wakiwa na kinga, huku wakizungusha gurudumu, maana askari havuti pumzi kama mtu aliyeketi kitini. Wengine walilala kitandani siku kadhaa. Jack hakuweza kukimbia kwa muda wa mwezi hivi, na kabla mwezi Mei haujaisha alikuwa amerudi vitani na kujeruhiwa.

Kilichopatikana kilikuwa kitu duni kwa kukitazama: pamba iliyozungushiwa shashi nyeusi ya kufungia kichwani, iliyolowekwa katika hipo, dawa ile waitumiayo wapiga picha, pamoja na magadi ya kufulia, na gliserini ya kuizuia isikauke. Lakini klorini ikikutana na dawa hizo hufungwa, nguvu zake zikaisha. Askari aliyekuwa nacho, tena akakivaa kwa wakati, aliweza kubaki hai.

Kwa kuwa habari za namna hii huongezwa chumvi, yatupasa kusema wazi: wako waandishi wanaomwita Haldane mvumbuzi wa kinyago cha gesi, nasi twaona kuwa huko ni kumzidishia. Katika mwaka huohuo Macpherson, daktari wa Newfoundland, alileta kofia ya kitambaa ya kufunika kichwa kizima. Wajerumani walipoleta fosijini, sumu mbaya zaidi, mwezi Desemba, 1915, kofia hiyo ilibidi itiwe dawa nyingine. Mwaka 1916 ndipo kilipotoka kinyago cha mrija na kopo lenye mkaa na chembechembe za dawa, ambacho mfamasia Edward Harrison alikishughulikia mno hata akafariki siku chache kabla ya vita kwisha. Urusi nako Profesa Zelinsky alikuwa akiutumia mkaa kwa kazi hiyohiyo. Haldane aliufungua mlango. Waliopita baadaye walikuwa wengi.

Katika mwezi uleule wa Mei alipatwa na sononeko jingine. Kaka yake, Lord Haldane, aliyewahi kuwa Waziri wa Vita na wakati huo akiwa Lord Chancellor, yaani mkuu wa mambo ya sheria katika serikali, alifukuzwa kazini kwa kelele za magazeti yaliyomsingizia kuwa mpenzi wa Wajerumani, eti kwa sababu alisoma kwao na kuisifu falsafa yao. John naye alisoma kwao. Hivyo mtu mmoja wa ukoo aliitwa msaliti, na mwingine alikuwa akikohoa klorini kwa ajili ya askari wa nchi ileile.

Haldane hakuacha kazi. Aliona kuwa walioungua mapafu walikuwa wakipewa oksijeni kwa njia mbovu, nyingi ikipotea hewani, na mwaka 1917 alieleza namna ya kuwapa kwa kinyago kwa kipimo na mfululizo. Wagonjwa wanaowekewa oksijeni leo katika hospitali zetu wanamdai shukrani asiyoisikia. Baada ya vita alirudi kwa wachimbaji wake, akiwa mkurugenzi wa maabara ya uchunguzi wa migodi. Mwaka 1934 alipewa Nishani ya Copley, iliyo ya heshima kubwa katika sayansi ya Uingereza.

Kuanzia mwezi Desemba, 1935, ndege za Waitalia zilimwaga gesi ya haradali juu ya Waethiopia, watu wasiokuwa na kinyago hata kimoja, wengi wao wakienda miguu mitupu. Tena hiyo ni sumu ambayo kinyago peke yake hakifui dafu kwayo, kwani huunguza ngozi popote iiguseapo. Wakati huo Haldane, mzee wa miaka 75, alikuwa ametoka kusafiri Uajemi na Iraki kuchunguza jinsi joto linavyowaangusha wafanyakazi wa visima vya mafuta. Aliporudi Oxford alishikwa na homa ya mapafu. Alifariki usiku wa manane kuamkia tarehe 15 Machi, 1936. Nyumba yake ya Cherwell ilikuja kuvunjwa, na mahali pake pamejengwa Chuo cha Wolfson cha Chuo Kikuu cha Oxford.