Mgomba wa Bashō na Bustani za Magunia

Wapo walimu na wanafunzi wanaomdhania Matsuo Bashō, mshairi mashuhuri wa Japani, kuwa mtu aliyejitenga na walimwengu ili atunge haiku peke yake. Maisha yake yanatufunza kinyume cha hayo.

Bashō alizaliwa mwaka 1644 katika jimbo la Iga. Ujanani alimtumikia bwana mmoja kijana aliyependa ushairi, nao wakatunga pamoja hadi bwana huyo alipofariki mwaka 1666. Baadaye alihamia Edo, mji ambao leo ni Tokyo, akawa mwalimu wa utunzi. Mwaka 1680 alihamia kibanda kilichokuwa Fukagawa, ng'ambo ya mto Sumida. Mwanafunzi wake mmoja akamletea mgomba, ukapandwa uani. Haukumfaa kwa ndizi, na upepo uliyararua majani yake. Hata hivyo aliupenda hata akajiita kwa jina lake, maana bashō ni mgomba.

Fani aliyoibobea ilikuwa utungo wa mnyororo. Washairi waliketi pamoja. Mmoja akaanza kwa mizani 17, akitaja majira. Wa pili akajibu kwa mizani 14. Mwingine akapokea, mpaka zikatimia beti 36. Kila mmoja alipaswa kumsikiliza aliyemtangulia, kisha aigeuze picha upande mwingine. Hata katika safari yake ndefu ya mwaka 1689, Bashō aliketi na wenyeji wake kutunga. Alifariki Osaka mwaka 1694. Haiku tuijuayo leo ni ule ubeti wa kwanza, uliokuja kutengwa na mnyororo wake.

Jadi hii si ngeni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa naye alijibizana kwa mashairi na malenga wenzake.

Basi mwalimu wa Kibera au Kawangware, mwenye darasa lililosongamana, asidhani kwamba ushairi unangoja upweke na bustani pana. Alfajiri, sukuma wiki iliyopandwa katika gunia hushika umande kama mgomba wa Fukagawa. Mwanafunzi mmoja na aanze, jirani yake ajibu. Tukiendelea kuufundisha ushairi kama hesabu ya vina na mizani kwa ajili ya mtihani tu, tutazipoteza sauti za wale ambao hupata la kusema pindi mwenzao anapoanza.