Mary Lyon, mama wa mabinti wengi

Tukitaja wamama walimu, wengi wetu tunawakumbuka Loisi na Eunike waliomlea Timotheo katika imani. Leo tumtazame mwanamke mwingine, Mary Lyon wa Marekani. Hakuolewa wala hakuzaa, lakini aliwafungulia njia ya masomo mabinti ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1797 huko Buckland, kijiji cha milimani katika jimbo la Massachusetts. Wakati ule mawazo ya watu juu ya mwanamke yalikuwa yanageuka. Hapo zamani baba ndiye aliyehesabiwa kuwa mwalimu wa nyumba, na sheria ya mwaka 1642 ilimdai kila mkuu wa nyumba ahakikishe watoto wanajua kusoma. Marekani ilipopata uhuru, watu kama daktari Benjamin Rush walianza kufundisha kwamba nchi isiyo na mfalme inahitaji raia wenye akili na tabia njema, na kwamba raia hao hulelewa kwanza na mama zao. Basi mama naye asome. Wazo lilikuwa jema, ila shule nzuri za wasichana zilikuwa za bei kali. Binti wa tajiri alisoma, binti wa mkulima alibaki jikoni.

Mary alikuwa binti wa mkulima. Baba yake alikufa kabla yeye hajatimiza miaka 6, akamwacha mama na shamba na watoto wengi. Mary alipofika miaka 13, mama aliolewa tena akahama, naye Mary akabaki kutunza nyumba ya kaka yake kwa malipo ya dola moja kwa juma. Mwaka 1814 alianza kufundisha kwa senti 75 kwa juma, akila na kulala kwa zamu katika nyumba za wanafunzi wake. Walimu wanaume walilipwa zaidi sana. Hata hivyo aliweka akiba. Alitoa matandiko aliyofuma kwa mikono yake ili apate chumba na chakula, akarudi shuleni. Miaka mingi aliishi hivyo: anafundisha, anasoma, kisha anafundisha tena.

Mwaka 1821, huko Byfield, alisoma kwa Mchungaji Joseph Emerson, mtu aliyeamini kwamba akili ya mwanamke inaweza masomo yote mazito. Hapo alifahamiana na Zilpah Grant, wakafundisha pamoja, mwishowe katika shule ya Ipswich. Shule ile ilisifiwa, lakini haikuwa na mali yake yenyewe, na mabinti wa watu wa kawaida hawakuweza kuilipa. Jambo hilo lilimkosesha Mary usingizi. Mwaka 1834 aliacha kazi yake ili atafute fedha za kujenga shule ambayo ingekuwa mali ya Wakristo wote.

Wamama wa Ipswich ndio waliotangulia kuchanga, karibu dola 1000. Kisha Mary alizunguka kijiji kwa kijiji akiwa na mfuko wake wa kijani. Wengine walitoa dola nyingi, wengine senti chache. Wako waliosema haifai mwanamke kusafiri peke yake akiomba fedha. Hakurudi nyuma. Mwaka 1837 uchumi wa nchi ulianguka, lakini tarehe 8 Novemba ya mwaka huohuo seminari ya Mount Holyoke ilifungua milango huko South Hadley, ikiwa na wanafunzi 80 hivi. Jengo lilikuwa halijamalizika.

Malipo yalikuwa dola 60 kwa mwaka, kwa sababu wanafunzi wenyewe walipika, walifua na kufagia. Mary mwenyewe alipokea dola 200 tu kwa mwaka, na sehemu kubwa aliitoa kwa ajili ya misioni. Mabinti walijifunza hesabu, kemia na elimu ya mimea pamoja na Biblia. Wengi walitoka wakiwa walimu. Mmoja wao, Fidelia Fiske, alikwenda Uajemi mwaka 1843, akaongoza shule ya wasichana huko Urmia.

Kazi yake ilikuwa na upungufu pia. Katika maisha yake mabinti weusi hawakupokelewa pale. Hortense Parker, mweusi, alihitimu mwaka 1883 tu.

Mary alikufa tarehe 5 Machi 1849, akiwa na miaka 52, baada ya kumhudumia mwanafunzi mgonjwa. Miaka 25 baadaye, walimu wawili waliosomea Mount Holyoke, Abbie Ferguson na Anna Bliss, walianzisha shule ya mabinti huko Wellington, Afrika Kusini, kwa mwito wa Mchungaji Andrew Murray.

Ndugu zangu, makanisa yetu yanawasifu wamama kuwa walimu wa kwanza wa watoto. Lakini minervali ikipunguka nyumbani, ni nani anayeambiwa abaki? Watu wa siku za Mary nao walimsifu mama mwalimu, huku binti wa maskini akikosa nafasi darasani. Yeye alikataa kuiacha sifa hiyo ibaki maneno. Aliomba senti za waumini, naye Mungu akazibariki. Tunapohesabu matoleo yetu, tuwakumbuke mabinti wa nyumba zisizo na kitu, kabla mwaka wa masomo haujaanza bila wao.

Bwana atusaidie. Amina.