Euler na Namba Mbili za Tarakimu Kumi

Leonhard Euler alizaliwa katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi, tarehe 15 Aprili 1707. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, naye alitaka mwanawe amfuate katika kazi hiyo. Lakini Johann Bernoulli, bingwa wa hesabu wa mji ule, alimsihi amwache kijana asome hesabu, naye akakubali. Mwaka 1727 Euler akaenda Urusi, katika Akademia ya Sayansi ya St Petersburg, akiwa na umri wa miaka 20 tu.

Darasani tumefundishwa namba tasa, yaani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kama 7 au 13. Pierre de Fermat, Mfaransa aliyekufa mwaka 1665, alidhani kwamba ukizidisha mbili 32 pamoja, kisha ukaongeza moja, utapata namba tasa. Namba hiyo ni 4,294,967,297. Nani angethubutu kumkosoa mkubwa kama yule? Euler akaketi akagawa. Mwaka 1732 alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Mwenye shaka achukue kalamu azidishe.

Baadaye jicho lake la kulia liliharibika. Alikaa Berlin tangu 1741 hata 1766, kisha akarudi St Petersburg, na huko jicho la kushoto nalo likaingia mtoto wa jicho. Mwaka 1771 alipasuliwa, lakini hatimaye akawa kipofu kabisa. Mwaka uo huo nyumba yake iliteketea, na mtu wa kwao Basel akaingia motoni akamtoa.

Hata hivyo kazi haikukoma. Wanawe na wasaidizi wake waliandika, yeye akiwatajia. Mwaka 1772 alipeleka habari katika barua kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Hiyo ni mbili 31 zilizozidishwa pamoja, ukaondoa moja. Padre Mersenne wa Ufaransa aliitaja kuwa tasa mwaka 1644, lakini hakutoa hoja ya kutosha.

Namba hii kama ingegawanyika, kigawanyo chake kimoja kisingezidi 46,340. Kujaribu zote hizo ni kazi ya kuua mtu! Euler aligundua kwamba kigawanyo kilicho tasa, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63, kama 311. Basi zikabaki namba 372 tu za kujaribu, na nyingi katika hizo si tasa, kwa hiyo huachwa. Mimi nilijaribu chache kwa mkono, nikachoka kabla ya kufika kumi. Kwa zaidi ya miaka 70 haikujulikana namba tasa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Tarehe 18 Septemba 1783 Euler alimfundisha mjukuu wake hesabu, akazungumza na mwenzake juu ya njia ya sayari ya Uranus, iliyogunduliwa mwaka 1781. Mara akashikwa na kiharusi, akafa usiku ule. Makala alizoziacha ziliendelea kupigwa chapa na Akademia kwa miaka mingi.