Mjenzi wa meli za vipande na maneno tuliyoachiwa

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliwahi kuniuliza swali darasani ambalo sikulijibu ipasavyo. Siku hiyo tulikuwa tukijadili maneno ya mkopo katika Kiswahili. Nilikuwa nimeeleza kwamba neno meli lilitokana na neno la Kiingereza la barua za posta, kwa kuwa merikebu za moshi zilizofika pwani yetu kwa ratiba ndizo zilizobeba barua. Kwamba manowari ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Na kwamba stima, ambayo Mkenya wa leo akiitaja huwa anakusudia umeme, hapo awali ilikuwa merikebu ya mvuke. Mwanafunzi huyo akataka kujua sababu ya watu waliokuwa na mkuku, mataruma, tezi, omo na kalafati, yaani maneno ya chombo kizima tangu chini hadi juu, kukosa maneno yao wenyewe ya kutajia matumbo ya chombo cha mvuke.

Nilimjibu kijuujuu kwamba lugha zote hukopa. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi. Hata miongoni mwa maneno ya jahazi yamo yaliyotoka Uarabuni na Uajemi, ila hayo yalikaa mikononi mwa waundaji wetu mpaka yakawa yetu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta jibu kamili, na nimelipata mahali ambapo sikutarajia: katika maisha ya Mwingereza mmoja, Alfred Yarrow, ambaye kampuni yake ya kujenga meli ilijipatia sifa zake kuu katika mto Clyde, nchini Scotland.

Yarrow alizaliwa London mnamo Januari 1842. Alipotimu umri wa miaka 15 aliingizwa katika karakana ya mitambo ya meli kuwa mwanagenzi. Huko alijifunza kazi kwa kuishika, kama ambavyo mwana wa mwashi hujifunza kwa kuchanganya chokaa. Saa zake za mapumziko alizitumia kujaribu mambo. Yeye na rafiki yake waliunda gari la barabarani lililokwenda kwa nguvu za mvuke, nalo likaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya London mwaka 1862. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Gari lile halikumtajirisha, lakini lilimzoesha kuwaza jambo na kulitenda pasi na kungoja ruhusa ya wakubwa.

Mwaka 1865, akishirikiana na mwenzake, alifungua karakana ndogo kando ya mto Thames. Mwanzo ulikuwa mgumu. Walitengeneza na kukarabati chochote kilicholetwa na wateja, na faida ilikuwa haba. Ndipo Yarrow alipoona pengo ambalo wenye viwanja vikubwa hawakulijali: mashua ndogo za mvuke za kusafiria mitoni. Akazing'ang'ania hizo. Kufikia mwaka 1875 karakana yake ilikuwa imeunda mashua zipatazo 350 za aina hiyo, na jina lake lilikuwa limeanza kuvuka bahari.

Ni katika mwaka huo wa 1875 ambapo maisha ya Yarrow yalikutana na Afrika yetu. Wamisionari wa Scotland walitaka meli ya kusafiria Ziwa Nyasa, kwa kumbukumbu ya David Livingstone aliyefariki mwaka 1873. Tatizo lilikuwa njia. Kutoka Bahari ya Hindi unapanda mto Zambezi, kisha mto Shire, halafu unakutana na maporomoko ambayo hakuna chombo kiwezacho kuyapita. Yarrow alijenga meli iliyofungwa kwa bolti na nati, ili iweze kufunguliwa vipande vipande, vingi vikiwa vya uzito wa kujitwika mtu. Meli hiyo, iliyoitwa Ilala kwa jina la nchi alikofia Livingstone, iliunganishwa penye mlango wa Zambezi, ikapanda mito hadi chini ya maporomoko, ikavunjwa, kisha ikabebwa vichwani na mabegani na mamia ya wapagazi wa Kiafrika kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 90. Juu ya maporomoko iliungwa tena, na mnamo Oktoba 1875 ikaingia ziwani.

Msomaji wangu, hebu tuitazame safari hiyo kwa makini. Jina la mjenzi limehifadhiwa. Jina la nahodha, Edward Young, limehifadhiwa. Wale walioibeba meli mgongoni, ambao bila wao Ilala ingalibaki rundo la chuma chini ya maporomoko, hatuwajui katika historia tunayofundisha ila kwa jina la jumla, wapagazi. Kila mmoja wao alijua uzito wa kipande chake barabara kuliko Yarrow mwenyewe. Lakini hakuna aliyemwambia kipande hicho kiliitwaje, kilifanya kazi gani, wala kilishikana vipi na kile alichokibeba mwenzake. Alipewa mzigo pasipo kupewa jina lake. Hapo ndipo nilipoanza kuliona jibu la mwanafunzi wangu.

Fikra ya meli ya vipande ilimjengea Yarrow soko kubwa. Mwaka 1883 alijenga Stanley kwa ajili ya mto Kongo. Safari hii vipande vyenyewe vilikuwa kama masanduku makubwa yaliyoweza kuelea kila kimoja peke yake, hivyo vikaweza kuunganishwa majini bila kuhitaji chelezo. Na penye maporomoko vilikokotwa juu ya magurudumu. Mwaka uliofuata aliunda meli za namna hiyo kwa ajili ya mto Naili, wakati Uingereza ilipotaka kumwokoa Jenerali Gordon aliyekuwa amezingirwa Khartoum. Mwaka 1890 zikafuata manowari ndogo za mto Zambezi.

Haifai tuyapambe mambo haya. Werevu wa fundi huyu ulifungua mito ya Afrika kwa mhubiri, kwa mfanyabiashara na kwa askari pia. Meli ya Kongo ilikuwa chombo cha mradi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na tunayajua maovu yaliyowafika watu wa nchi hiyo chini ya utawala wake. Yarrow hakuwa mtawala, bali fundi aliyeuza kazi yake kwa aliyelipa. Hata hivyo mwalimu wa historia atakayemsifu bila kulitaja hilo atakuwa amefundisha nusu ya somo, na yule atakayemlaani bila kuuchunguza ufundi wake atakuwa amefundisha nusu ile nyingine.

Ufundi wenyewe unastahili kuchunguzwa, hasa na walimu wa sayansi. Meli ya mvuke ina boila, yaani tangi la chuma la kuchemshia maji ili yatoe mvuke wa kusukuma injini. Katika boila za kale, moto ulipita ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji. Baadaye wahandisi waligeuza mpango huo, wakapitisha maji ndani ya mabomba yaliyozungukwa na moto, ili mvuke upatikane upesi. Ila wengi waliamini kwamba mabomba hayo sharti yapindwe, kwa sababu chuma hutanuka kikipata joto, na bomba lililonyooka lingeng'oka katika maungo yake. Yarrow hakulikubali wala kulikataa wazo hilo kwa maneno matupu. Alilijaribu. Akaonyesha kwamba mabomba yaliyonyooka hustahimili, na kwamba ni rahisi kuyasafisha na kuyabadilisha. Boila yake ilikuwa na pipa moja la mvuke juu na mapipa mawili ya maji chini, yakiunganishwa kwa mabomba yaliyonyooka, mfano wa paa la nyumba lenye moto katikati yake.

Mwaka 1893 alizishusha majini manowari mbili za kasi za jeshi la wanamaji la Uingereza, Havock na Hornet. Zilikuwa pacha kwa umbo, lakini Havock ilikuwa na boila za mtindo wa kale na Hornet ilikuwa na boila zake mpya. Mashindano hayo yaliipa boila ya Yarrow sifa, ikaenea katika manowari nyingi, na baadaye ikatumika nchi kavu katika mitambo ya kuzalishia umeme. Kwa hiyo neno letu stima, lililohama kutoka merikebu hadi waya wa taa, lilifuata njia ambayo boila yenyewe iliipitia.

Kufikia mwanzo wa karne ya ishirini, London haikuwa tena mahali pa kujengea meli. Gharama zilipanda, na makaa na chuma vilikuwa mbali. Yarrow, akiwa na umri wa miaka 64, umri ambao wengi huwaza kupumzika, mwaka 1906 alianza kuihamisha kampuni yake nzima hadi Scotstoun, katika Glasgow, na baadhi ya mafundi wake wakamfuata. Kufikia mwaka 1908 kazi ilikuwa imeshika kasi huko. Mwaka 1916, katikati ya vita vikuu, alitunukiwa cheo cha heshima. Vita hivyo vilikuwa vimemnyang'anya mwanawe mmoja. Mwaka 1923 alitoa pauni 100,000 kwa chama cha wanasayansi cha Royal Society ili zitumike katika utafiti. Alifariki Januari 1932, akiwa na umri wa miaka 90.

Kampuni iliendelea baada yake, na fikra yake ya ujana ikatufikia sisi wenyewe. MV Victoria ilijengwa na kampuni ya Yarrow huko Scotstoun, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa meli hadi Mombasa na kwa gari la moshi hadi Kisumu, ikaunganishwa upya, na mwaka 1961 ikaanza kazi ziwani. Mwenye fikra alikuwa amelala kaburini miaka 29. Meli hiyo ilikarabatiwa Mwanza na kurudi majini mwaka 2020. Kampuni hiyo ya kujenga meli ilitaifishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1977, ikauzwa tena mwaka 1985, na tangu 1999 uwanja wa Scotstoun umekuwa chini ya BAE Systems.

Sasa naweza kumjibu mwanafunzi wangu. Maneno ya ufundi huzaliwa mkononi kabla ya kufika ulimini. Waundaji wa majahazi wa Lamu walikuwa na jina la kila ubao kwa sababu waliuchonga wao, wakauomba kwa wenzao na kuwafundisha wana wao. Chombo cha mvuke kilitujia kikiwa kimekwisha kufikiriwa. Nasi tukakipa majina kwa jinsi tulivyokiona kikipita: kinachobeba barua, kinachopigana, kinachotoa mvuke. Kamati za istilahi zina kazi njema, lakini hakuna kamati iwezayo kuutia uhai msamiati ambao hauna karakana.

Mwaka 2023 meli ya MV Uhuru II, iliyojengwa papo hapo Kisumu, ilizinduliwa rasmi. Ningependa kujua vijana walioichomelea vyuma waliviitaje vipande vyake walipokuwa wakiitana kazini. Pengine humo yamo maneno ambayo kamusi zetu hazijayaona, na sisi wanaisimu tungefanya vyema kwenda kuyasikiliza huko badala ya kuyabuni ofisini.

Kwenu walimu wenzangu, ombi langu ni moja. Shule zetu nyingi zina chumba cha karakana ambacho ufunguo wake hushikwa na mwalimu mkuu, na vifaa vyake hung'arishwa siku ya ukaguzi. Kifungueni. Mwacheni mwanafunzi avunje injini kuukuu na kuiunga tena, na kila kipande akitaje kwa Kiswahili kabla ya kukiweka mezani. Akikosa neno, mwulizeni yeye angekiitaje.